Ufundi wa Kejeli Baina ya Vyuo Viwili vya Texas

Kejeli ni tawi la ufundi wa lugha ambalo wahakiki hulipita bila kulipa salamu. Utenzi huchunguzwa kwa vina na mizani, na hadithi huchambuliwa kwa wahusika na mafunzo yake. Lakini maneno ambayo watu huyatunga ili kumcheka mpinzani, siku chache kabla ya kupambana naye, huachwa viwanjani pamoja na maganda ya karanga. Dharau hiyo haina haki. Katika fasihi ya Kiswahili yenyewe, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi ya vitisho na dhihaka katika siku za ugomvi wa miji yao, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Mashairi hayo yasomwa hata leo na watu wasioweza kueleza sawasawa vita vyenyewe vilihusu nini. Kejeli iliyotungwa vizuri huishi kuliko ugomvi ulioizaa.

Kiswahili, kwa bahati njema, hakikuridhika na jina moja kwa jambo hili. Kina mzaha, dhihaka, kejeli, tashtiti, dharau na tusi, na kila neno lina kituo chake katika njia itokayo kwenye kicheko kwenda kwenye kisu. Kando ya yote hayo kuna utani, ambao huzidi maneno na kuwa mapatano baina ya watu. Mzaramo na Mnyamwezi walipoitana watani, kila mmoja alipata ruhusa ya kumwambia mwenzake maneno ambayo mtu mwingine angeyajibu kwa fimbo. Ruhusa hiyo ilikuwa na bei. Mtani aliyechekwa alikuwa na haki ya kucheka kwa zamu yake. Na siku ya msiba mtani alipaswa kufika, kushika kazi za maziko, na kufanya hata penye jeneza mambo ambayo ni yeye tu aliyestahili kuyafanya. Jina hilo limehamia katika michezo, na leo mtangazaji akisema "watani wa jadi" hapana Mtanzania asiyejua kwamba Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 zinakaribia kukutana. Basi yafaa kuuliza kama kipimo cha utani chaweza kupimia kejeli za watu wa mbali wasiolijua neno hilo, na kama chaweza kuwaonyesha wahakiki kitu ambacho vipimo vingine havikionyeshi. Mfano mzuri wa kujaribia ni vyuo viwili vya jimbo la Texas, Marekani, ambavyo vimetaniana kwa zaidi ya miaka mia moja kwa sababu ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono zaidi ya miguu.

Chuo cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1876 mahali palipokuja kuitwa College Station, kwa jina la Chuo cha Kilimo na Ufundi cha Texas. Leo chaitwa Texas A&M. Kilikuwa tunda la sheria ya mwaka 1862 ambayo kwayo serikali kuu ya Marekani iligawa ardhi ili majimbo yapate vyuo vya kufundishia kilimo na kazi za mikono. Wanafunzi wake walivaa sare na kufuata amri za kijeshi. Cha pili, Chuo Kikuu cha Texas, kilifunguliwa katika mji mkuu wa Austin mwaka 1883, kwa ajili ya sheria, fasihi na elimu nyingine ambazo watoto wa mijini walizitazamia. Hapo pana kichekesho ambacho hakikutungwa na mtu yeyote: katiba ya jimbo ya mwaka 1876 ilikitaja chuo cha kilimo kuwa tawi la chuo kikuu ambacho wakati huo hakikuwa na jengo, mwalimu wala mwanafunzi. Tawi lilitangulia kuota, shina likafuata. Baadaye, mwaka 1923, mafuta yalibubujika katika ardhi ya wakfu ya chuo kikuu, na mwaka 1931 ikakubaliwa kwamba faida ya wakfu huo igawanywe, theluthi mbili ziende upande wa Austin na theluthi moja upande wa A&M. Wanaotaniana hapa, kwa hiyo, ni ndugu wa urithi mmoja: mkubwa kwa umri alipewa fungu dogo, na mdogo kwa umri aliitwa mkubwa. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa mwaka 1894, na Austin ilishinda kwa pointi 38 kwa sifuri.

Kejeli zao huanzia kwenye majina, na mhakiki hana budi kuanzia hapo pia. Wanafunzi wa A&M huitwa Aggies, jina lililokatwa kutoka neno la kilimo. Jina ambalo lingeweza kumshusha mtu wao wamelivaa kama joho, na tangu hapo mpinzani hana faida ya kulitupa. Wao kwa upande wao huwaita watu wa Austin wanywaji wa chai, yaani mabwana wadogo waliokaa na vikombe wakati wengine wamo shambani au vitani. Tena watu wa Austin wana desturi ya kukiita chuo chao "Chuo Kikuu", bila kuongeza neno, kana kwamba duniani hakuna kingine. Aggies wamejibu majivuno hayo kwa ufundi mdogo kabisa: wamegeuza mpangilio wa jina, wakalifupisha, wakaliandika kwa herufi ndogo, "t.u." Nukta mbili na herufi mbili zimefanya kazi ya hotuba nzima. Hapana tusi lililotamkwa. Kilichoondolewa ni herufi kubwa tu, na kwa hiyo kiburi kimebaki bila kofia. Kejeli ya namna hii haiwezi kutungwa na mtu asiyemjua mpinzani wake, kwa maana shabaha yake ni desturi moja ya mpinzani huyo na si nyingine.

Kutoka majina hadi nyimbo si mbali. Wimbo mkuu wa vita wa Aggies uliandikwa na J. V. Wilson mwaka 1918. Ubeti upendwao zaidi wampa mpinzani wa Austin mkono wa kwaheri, na mwishoni watazamaji hushikana mabega, hukunja miguu, hupepesuka kushoto na kulia kwa maelfu, wakiigiza msumeno ukatao pembe. Pembe hizo ni za maksai, nembo ya Austin. Baadhi ya wahitimu waliona aibu kwamba wimbo wa chuo chao washughulika mno na chuo cha wengine, wakamwomba mtunzi aandike ubeti mwingine. Naye akauandika mwaka 1938. Ubeti huo haukushika. Wahitimu hao walikuwa na hoja ya adabu, lakini watu waliokataa kuuimba walikuwa na hoja ya fasihi. Wimbo wa majigambo usio na anayejigambiwa ni sawa na swali la kitendawili lililotegwa katika chumba kitupu.

Jibu la Austin ni la kustaajabisha zaidi. Wimbo wao wa kuhimiza mchezo, ambao nao wawaaga A&M kwa jina, umeanzia kwenye sauti ya Taps, ila imeharakishwa hata ikawa ya kuchezea. Taps ni mlio wa tarumbeta wa jeshi la Marekani, upigwao taa zinapozimwa usiku na askari anapozikwa. Kwa watu wa A&M, chuo kilicholelewa katika gwaride, sauti hiyo ina uzito wa pekee: tangu mwaka 1898 wamekuwa na ibada ya usiku ya kuwakumbuka wanafunzi wenzao waliofariki, na tarumbeta za ibada hiyo hulia kwa sauti hiyo kwa namna yake. Mtunzi wa Austin aliingia katika chumba kitakatifu cha jirani, akachukua kilio chake, akakipa mwendo wa ngoma. Lilikuwa tendo la ujasiri lililokaribia kabisa mpaka wa ukorofi. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa maana sauti hiyo itarudi.

Mwaka 1915 A&M walishinda kwa pointi 13 kwa sifuri. Mwaka uliofuata Austin walileta uwanjani maksai hai mwenye pembe ndefu, naye akapewa jina la Bevo. Mwezi wa Februari 1917 wanafunzi wa A&M walimwendea kwa siri na kumpiga chapa ya moto ubavuni, "13–0", ili mnyama awe ubao wa matokeo maisha yake yote. Hadithi isimuliwayo na wengi yasema kwamba watu wa Austin waliigeuza chapa hiyo: moja na tatu zikaunganishwa kuwa B, kistari kikafanywa E, V ikapachikwa, na sifuri ikabaki kuwa O. Kwa hiyo jina la mnyama, yasema hadithi, lilizaliwa katika dharau ya adui. Wachunguzi wa historia wamekwisha onyesha kwamba sivyo. Jina lilikuwapo katika maandishi kabla ya chapa. Na mwaka 1920 mnyama huyo alipochinjwa kwa karamu, wageni kutoka A&M walialikwa, wakapewa nyama ya ubavu walioupiga chapa, na ngozi waliyokabidhiwa bado ilisomeka 13–0.

Mwanahistoria ataridhika hapo na kufunga daftari. Mhakiki hawezi. Lazima aulize kwa nini hadithi isiyo ya kweli imesimuliwa kwa furaha miaka mingi hivyo, na jibu laonekana katika umbo lake. Washairi wa Kiswahili wakilumbana, mjibuji asifiwaye ni yule anayepokea vina vya mwenzake na kuvijaza maana iliyopinduka. Anayekimbilia vina vyepesi huonekana ameshindwa hata kama hoja yake ina nguvu. Hadithi ya Bevo yafuata kanuni hiyo hiyo. Yamwonyesha mjibuji asiyefuta hata alama moja ya adui, anayeongeza kidogo tu, na kutoka katika aibu akapata jina. Watu wa Austin walihitaji jibu la namna hiyo, na kwa kuwa historia haikuwapa, walilitunga. Karamu nayo, iliyokuwa ya kweli, ni kejeli ya daraja la juu kuliko hadithi: kumkaribisha mtani mezani, kumlisha ushindi wake mwenyewe, na kumpa ngozi aende nayo. Tena hapo palikuwa na ukarimu, jambo ambalo tusi halina.

Katika kundi hilo hilo wangie mishumaa ya mwaka 1941. Austin walikuwa hawajashinda katika uwanja wa A&M tangu mwaka 1923. Wanafunzi wakaenda kwa mpiga ramli mmoja, naye akawaagiza wawashe mishumaa myekundu ili kuvunja nuksi. Mishumaa ikawashwa, na Austin wakashinda kwa pointi 23 kwa sifuri. Tangu hapo mkutano wa mishumaa kabla ya mchezo huo ukawa desturi. Wasomi wa Afrika Mashariki, ambao wamezoea kusikia uganga wa viwanjani ukitajwa kama ugonjwa wa watu wasiosoma, watapata faida wakikumbuka kwamba chuo kikuu chenye maktaba kubwa kilifanya uganga wake hadharani, na wala hakikupoteza heshima. Upande wa pili, A&M hukusanyika usiku wa manane kabla ya mchezo, na viongozi wao wa kelele husimama mbele na kutamba hadithi fupi zilizojaa chumvi, ambazo ndani yake mpinzani hupigwa kabla hajashuka kwenye gari. Utambaji huo una kiitikio, una mipaka ya wakati, na una hadhira iliyokwisha kubali kudanganywa. Ni fasihi simulizi kamili, ingawa wenyewe wauita makelele.

Hata hivyo si kila kitu katika ghala hili ni nafaka. Kuna vichekesho vingi mno, vilivyokusanywa hata vitabuni, ambavyo ndani yake mwanafunzi wa A&M ni mshamba asiyejua kushoto na kulia. Vichekesho hivyo vina kasoro moja ya ufundi ambayo ndiyo pia kasoro yao ya maadili. Ondoa jina la Aggie, weka la Mpolandi, la mtu wa milimani au la kabila lolote linalodharauliwa mahali popote, kichekesho hakitikisiki hata kidogo. Kimetungwa juu ya hali ya unyonge tu, na mtu yeyote mnyonge akitupwa humo hukitosha. Linganisha na "t.u.", ambayo ukiipeleka kwa chuo kingine hufa papo hapo. Hapa mhakiki apata kipimo chepesi cha kubeba: kejeli ambayo jina likibadilishwa inabaki ilivyo haikutungwa kwa kumjua mtu, na asiyemjua mtu hawezi kuwa mtani wake. Kinachowaokoa Aggies ni kwamba wao wenyewe wamevichukua vichekesho hivyo na kuvisimulia kwa sauti kubwa kuliko mtu mwingine yeyote, nao kwa kufanya hivyo wamemnyang'anya mwenye dharau chombo chake.

Si watu wote walioweza kufanya hivyo, na uhakiki ungekuwa mwongo kama ungesahau waliokuwa nje ya ua. Wimbo wa shule wa Austin, ule wa taadhima uimbwao kabla na baada ya mchezo, uliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1903 katika onyesho la waimbaji weupe waliojipaka masizi usoni ili kuwaiga watu weusi. Watu walioigwa hawakuwa na nafasi ya kujibu: milango ya shule ya sheria ya Austin ilifunguliwa kwa mwanafunzi mweusi kwa amri ya mahakama kuu mwaka 1950 tu, wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza walipokewa huko mwaka 1956, na A&M mwaka 1963. Hivyo mahali pale pale ambapo vyuo viwili vilikuwa vikitaniana kwa ustadi, pembeni yao kulikuwa na kicheko kingine, cha upande mmoja, kisichopata jibu kwa zaidi ya nusu karne. Vicheko viwili hivyo vyaweza kufanana kwa sauti. Tofauti yao haionekani mpaka iulizwe ni nani anayeruhusiwa kusimama na kumjibu aliyecheka.

Kosa la kinyume ni la yule aliye na nafasi ya kujibu lakini ataka mwamuzi amjibie. Tangu mwaka 1955 watu wa Austin huinua mkono na vidole viwili, cha shahada na cha mwisho, kuwa mfano wa pembe. Wapinzani wao huishusha ishara hiyo chini, kama maksai aliyeangushwa. Ni dhihaka nyepesi, hata mtoto aifahamu. Lakini mwaka 2018 wachezaji wa West Virginia waliadhibiwa uwanjani kwa kuifanya, na mwaka uliofuata maofisa wa ligi ya Big 12 walieleza kwamba yaweza kuadhibiwa kwa kadiri ya mahali na namna itumiwavyo. Haiyumkini chuo kilichofanya kilio cha kijeshi cha jirani kuwa ngoma kilindwe na filimbi kwa sababu ya vidole viwili. Ngao ya mtani ni ulimi wake, na akikimbilia kwa hakimu amekwisha utoka utani.

Ilibaki siku ya kupima mapatano yenyewe. Kila mwaka Aggies walikuwa wakijenga rundo la magogo na kulichoma kabla ya mchezo wa Austin, kuonyesha hamu yao ya kumshinda mtani. Desturi hiyo ilikuwa na umri wa miaka tisini. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba 1999, rundo lililokuwa likijengwa, refu kuliko nyumba ya ghorofa nne, liliporomoka. Watu kumi na wawili walikufa, na ishirini na saba waliumia. Methali yasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hapa hapakuwa na mwenye nia mbaya, lakini magogo ya dhihaka yaliua kama magogo mengine yoyote.

Katika Austin mkutano wa mishumaa wa mwaka ule uligeuzwa mkutano wa umoja na maombolezo. Mchezo ukachezwa tarehe 26 Novemba, na A&M wakashinda kwa pointi 20 kwa 16; lakini matokeo hayo si yaliyokumbukwa zaidi. Wakati wa mapumziko bendi ya Austin iliingia katika uwanja wa mpinzani, ikapiga wimbo wa kanisani wa neema, kisha ikapiga Taps. Safari hii haikuharakishwa. Sauti ile ile ambayo kwa miaka mingi walikuwa wameitia mbio ili kuwacheka Aggies waliirudisha katika mwendo wake, wakavua kofia zao, wakasimama. Hapakuwa na hotuba ya kuomba radhi, wala haikuhitajika. Mtu aliyekuwa amechukua kilio cha jirani kwa mzaha alikileta tena mlangoni siku ambayo jirani alikuwa na maiti ndani. Mzaramo na Mnyamwezi wa zamani wangalikitambua kitendo hicho bila kuhitaji mfasiri: mtani amefika msibani, na ameshika kazi ambayo mwingine hangeweza kuishika, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na sauti hiyo mkononi.

Baada ya mchezo wa mwaka 2011, ambao Austin walishinda kwa pointi 27 kwa 25, A&M walihamia ligi nyingine na mapambano yakakoma. Fedha za matangazo na ugomvi wa viongozi zilikuwa na sehemu kubwa katika utengano huo. Kwa miaka kumi na miwili vyuo hivyo havikukutana katika mchezo huu. Lakini Aggies waliendelea kuimba kwaheri kwa mtu ambaye hakuwapo, na kukata kwa mabega pembe za maksai aliyekuwa maili mia moja mbali; na Austin nao waliendelea kuwaaga A&M katika wimbo wao, mbele ya wapinzani ambao jina hilo halikuwahusu. Wakuu wa ligi waliweza kufuta mchezo katika ratiba, wala hawakuweza kuufuta katika nyimbo. Mchezo uliporejea tarehe 30 Novemba 2024, Austin wakishinda kwa pointi 17 kwa 7, wanafunzi wengi waliokuwa wakiimba walikuwa watoto wadogo mpambano wa mwisho ulipochezwa. Hawakuhitaji kufundishwa cha kusema. Maneno yalikuwa yamewangojea.

Kwa hiyo kipimo cha utani kimefaa. Kimewezesha kutenga kejeli iliyojua shabaha yake na ile iliyotupwa gizani. Kicheko kilichongoja jibu na kile kilichoziba mdomo wa mwingine. Na mchezaji wa maneno aliye tayari kupigwa na yule akimbiliaye filimbi. Wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki nao hutungiana maneno makali kabla ya michezo yao, na maneno hayo hupotea jioni ile ile kwa kukosa mtu wa kuyaandika na kuyapima. Yastahili kukusanywa, pamoja na majibu yake, na pamoja na habari ya nani alikwenda kwa nani siku ya msiba.